Ushuhuda Dhidi ya Kibuyu

Jumapili ile Kipyego alipoinuka kutoa ushuhuda, mkewe Naomi alidhani anataka kushukuru kwa mvua. Mahindi ya kijiji chao cha Ziwa yalikuwa yamefika magotini, kila mzee aliyesimama kabla yake alikuwa ameshukuru kwa mvua, na Kipyego si mtu wa kukubali kuachwa nyuma. Lakini yeye alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akakohoa, akatangaza kwamba shetani alikuwa amemwingia kupitia kibuyu.

"Wapendwa," alisema, "mimi nilikuwa nakufa na sijui. Daktari wa town ameniangalia, akaniambia mishipa ya damu imebana. Ni mafuta. Na mimi mafuta nimekula wapi? Nyama nakula Krismasi. Ni mursik! Hii miaka yote, asubuhi mursik, jioni mursik. Lakini namshukuru Mungu, nimeacha. Hata kikombe moja sigusi tena."

Kanisa likasema amina. Wanaume waliisema kwa sauti ya chini, maana karibu wote walikuwa wamekunywa mursik, maziwa yale ya kuchachishwa kibuyuni, asubuhi hiyo kabla ya kuvaa koti. Wanawake waliisema huku wakigeuza shingo polepole kumtazama Naomi, kwa sababu kibuyu hakijijazi chenyewe. Naomi aliinamia Biblia yake akausoma kwa bidii ukurasa ambao baadaye hakukumbuka hata ulikuwa wa kitabu gani.

Huyu mama hakuwa mtu wa majivuno, ila kwa jambo moja tu. Mursik yake ilijulikana. Maziwa kuchemsha ni kazi ya yeyote, na kuyapoza na kuyamimina kwenye kibuyu pia si maajabu. Ujuzi uko kwenye kijiti cha mti wa senetwet, kile kinachochomwa mpaka kiwe kaa jekundu, kisha kikasugua tumbo la kibuyu kwa ndani mpaka kibuyu kizima kinukie moshi. Ukikisugua kidogo, maziwa yanachacha vibaya. Ukizidisha, utakunywa majivu. Naomi hakuwahi kuzidisha wala kupunguza, na wageni wa kanisa waliokuwa na shida ndogo ndogo upande ule wa Ziwa walijikuta wakipitia kwake hata kama njia yao haikuwa hiyo. Kibuyu chenyewe alipewa na mama yake siku aliyoolewa. Kilikuwa na shanga shingoni na ufa mdogo ulioshonwa kwa uzi wa ngozi.

Sasa kibuyu hicho kilikuwa kimeshtakiwa mbele ya kanisa zima, na kilichomuuma Naomi zaidi si aibu. Ni kwamba aliyaamini mashtaka. Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba miaka yote hiyo, asubuhi na jioni, alikuwa akimpa mume wake kifo katika kikombe, na tena akimwuliza kama anataka kuongezwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kimya kimya. Kipyego alikuwa akipeleka maziwa kila asubuhi pale barabarani, mahali lori la kampuni ya maziwa linapopita, na kurudi nyumbani ni kupanda kilima. Siku moja Naomi alimwona amesimama katikati ya kilima, mkono kifuani, akikagua mahindi ya jirani. Siku ya pili alimwona tena akiyakagua mahindi yale yale. Mtu hukaguaje mahindi ya mwenzake kila siku? Alipombana alikiri kwamba kifua kinamkaza akipanda, kinaachilia akisimama. Akaenda Eldoret peke yake, akaonana na daktari, akapimwa, akaelezwa mambo mengi. Lakini Kipyego ana kipaji chake. Ukimweleza mambo mengi atarudi nyumbani na moja. Safari hiyo alirudi na mfuko wa dawa na maneno mawili, punguza mafuta.

Na katika nyumba ile, mafuta yalikaa kwa ng'ombe. Mafuta ni samli, ni utandu wa juu ya maziwa, ni yale manjano yanayozunguka figo. Hiyo ndiyo elimu waliyokua nayo wote wawili. Kile kitu cheupe cha dukani, ambacho hutolewa kwenye boksi kubwa kwa kijiko na kufungwa kwenye nailoni, hicho kilitokana na mimea, na kitu kilichotokana na mmea kilikuwa ndugu ya sukuma wiki. Hakuna mtu Ziwa aliyewahi kusikia mboga imemuua mtu.

Kwa hiyo Naomi alifanya hesabu yake vizuri kabisa. Akamwondoa ng'ombe jikoni, akauingiza mmea. Maziwa yote yalienda kwa lori. Samli akampa mama mmoja wa kanisa. Akawa anamtuma mtu kwa duka la Johnstone kununua mafuta ya kupima, meupe, magumu, yanayokaa kwenye kabati wiki na wiki bila kuharibika, na hilo nalo alilihesabu kuwa ni uzuri. Sukuma ikakaangwa nayo. Chapati zikapakwa nayo. Na kwa kuwa mwanamume aliyenyimwa mursik huzurura ndani ya nyumba akifungua kila sufuria, alianza kumpikia mandazi kila asubuhi ili kumliwaza. Mafuta ya karai hayakumwagwa. Yakibaki yalifunikwa, kesho yakawashwa tena, mpaka yakawa na rangi ya chai. Kwenye mkate alimpaka majarini, nene, kwa upendo. Chai ikawa ya rangi.

"Naona mishipa inafunguka," Kipyego alikuwa akisema, akifuta midomo. "Nasikia tu mwili mwepesi."

Haikufunguka. Ilipofika wakati wa mahindi kutoa ndevu, Kipyego alikuwa anasimama hata kabla kilima hakijaanza. Usiku alilala na mito miwili. Na siku moja, akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango akingoja pumzi imrudie, alisema bila ubaya wowote, kwa sauti ya mtu anayefikiri tu, "Ni ile mursik ya zamani, Mama Chepkirui. Bado iko ndani. Ilikuwa mingi."

Alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama kawaida yake, na alilisema kwa upole. Huo upole ndio uliomvunja Naomi. Angefoka, wangegombana, naye angejibu. Jioni hiyo alikitoa kibuyu kwenye msumari wake ukutani, akakifunga kwenye blanketi kuukuu, akakificha stoo nyuma ya magunia. Hakulia. Alikaa juu ya gunia la mahindi ya mwaka jana akijiuliza mtu anawezaje kumuua mumewe kwa kitu kitamu namna ile.

Akina mama nao hawakumsaidia. Fellowship yao ya maombi huzunguka kutoka nyumba hii kwenda ile, na zamu ya Naomi ilikuwa ikifika wanaipigania, kwa sababu mnazozijua. Sasa zamu yake ilifika mara moja ikarukwa, ikafika tena ikarukwa. Betty, jirani yake, mtu wa mdomo lakini si mbaya, alimwambia pale kisimani akicheka, "Sisi tunakuogopa siku hizi, mama. Usije ukatumaliza." Naomi alicheka naye. Alipofika nyumbani hakukumbuka alikuwa ameenda kuchota maji.

Tarehe ya kurudi kliniki ilipokaribia, Naomi alitoa nguo yake ya Jumapili na kuipiga pasi.

"Unaenda wapi?" Kipyego aliuliza.

"Na wewe."

"Mimi najua njia."

"Njia unajua. Maneno ndiyo unaangusha ukirudi nayo."

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu, katikati ya Eldoret. Daktari Nanzala alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mtu wa upande wa Busia, mwenye kicheko ambacho kilikuwa kimewahi kumwudhi Kipyego kwa sababu hakukitegemea kwa daktari. Siku hiyo hakucheka. Alitazama majibu ya damu, akamtazama Kipyego, akarudia kuyatazama.

"Mzee, dawa unameza?"

"Nameza yote."

"Na mafuta? Tuliongea juu ya mafuta."

"Daktari, hiyo nimeacha kabisa," alisema Kipyego kwa fahari. "Uliza huyu mama."

"Mbona kolesteroli ile mbaya imepanda, na ile nzuri imeshuka? Hii inaenda kinyume." Akainuka. "Kuja tuangalie mshipa wenyewe."

Alimlaza kitandani, akamfunga mkanda wa kupima presha mkononi, chini ya kiwiko, akampaka kitu baridi cha kuteleza juu ya mkono na kukiweka pale kile kidude cha kupigia picha tumboni ambacho Naomi alikijua tangu alipomsindikiza Chepkirui kliniki ya wajawazito.

"Kwani mnatafuta mtoto kwa mkono?" Kipyego aliuliza.

Hapo daktari alicheka. Akawaonyesha kwenye skrini mistari miwili iliyolala sambamba na giza katikati yake. Giza lile ndilo njia ya damu, aliwaambia, na mistari ni kuta zake. Akajaza mkanda upepo mpaka vidole vya Kipyego vikapauka, wakangoja. Alipoufungua, damu ikarudi kwa kasi, wakaisikia kwenye mashine ikivuma. Daktari alisogeza uso karibu na skrini. Naomi naye akausogeza wake, ingawa hakujua anatafuta nini.

Mistari ilibaki pale pale.

"Hapa mshipa ulikuwa upanuke," daktari alisema taratibu. "Damu ikija nyingi hivyo, mshipa ulio na afya unafungua njia. Huu haujasonga. Kidogo sana, ama hakuna."

Kipyego aliutazama mkono wake kana kwamba umemtukana. Naomi ndiye aliyeongea, na alilouliza alikuwa amelibeba tumboni tangu ile Jumapili.

"Daktari, mursik ya miaka mingi hivyo inatoka mwilini lini?"

"Mursik?" Daktari aligeuka. "Nani amesema ni mursik?"

Naomi alimtazama mumewe. Kipyego aliitazama dari.

"Mama, hebu niambie wewe," daktari akasema, akivuta kiti. "Asubuhi mzee anakula nini?"

Naomi akaeleza, na alieleza vizuri, kama mtu aliyefuata maagizo mpaka mwisho. Chai ya rangi. Mandazi ya moto. Mkate na majarini. Mchana ugali na sukuma ya kukaangwa kwa mafuta yale meupe, ya mimea. Jioni chapati. Ya ng'ombe hakuna hata tone. Alipokuwa akisema aliona uso wa daktari ukibadilika kidogo kidogo, na sauti yake mwenyewe ikaanza kupungua, mpaka alipofika kwenye chapati alikuwa ananong'ona.

Daktari hakumkaripia. Alielekeza kidole kwenye ile mistari ya skrini.

"Ndani ya mshipa kuna ngozi nyembamba sana, mama. Ni safu moja tu ya seli, imetandikwa toka kichwani mpaka miguuni. Watu wanafikiria ni kama bomba, lakini hizo seli zinafanya kazi. Ukianza kupanda kilima, zinasikia damu inakuja, zinatoa hewa kidogo, na hiyo hewa inaambia mshipa, legea, wacha damu ipite. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta kwa mkono wa mzee. Sasa kuna mafuta yanatoka kwa mmea, ni kweli, lakini yalikuwa ya maji. Kiwandani yanalazimishwa kuganda ili yakae bila kuoza. Mwili unayachukua bila kujua ni mageni. Yanaingia mpaka kwa zile seli zenyewe. Zinawaka, zinavimba, zinaacha kutoa ile hewa. Mshipa unakaa umekaza tu, na uchafu wa damu unapata mahali pa kushika."

"Na hiyo ndiyo ile nyeupe?" Naomi aliuliza.

"Si kila mafuta magumu iko hivyo. Kuna kampuni zimebadilisha. Lakini hii ya kupima haina jina, haina maandishi, nitajuaje? Na hiyo ya karai mnarudia kila siku, mama, hiyo hata sitaki kuisikia."

Chini, dukani, mtu alikuwa akiuliza bei ya mbegu. Naomi alikunja mikono yake juu ya mapaja, mikono ile iliyosugua kibuyu na kukanda unga, akaitazama.

"Kwa hivyo ni mimi tu," alisema. "Nikiweka kibuyu chini nashika karai. Bado ni mimi."

Daktari alifungua mdomo kumjibu, lakini kabla hajasema kitu aligeukia kitandani. Ni kama jambo lilikuwa limemjia tu.

"Mzee. Hii kifua ilianza kabla ya hizi mandazi za mama. Wakati huo ulikuwa unakula nini asubuhi?"

"Mursik," alisema Kipyego.

"Na?"

"Na ugali ya jana."

"Halafu unapeleka maziwa. Lori inakuja saa ngapi?"

"Inachelewa. Hiyo lori ni ya kuchelewa."

"Ukingoja unafanya nini?"

Kipyego alijikuna shingo kwa mkono usio na mkanda. Alianza kuona mahali mazungumzo yanapoelekea, na hakuona mlango wa kutokea. "Tunakaa tu pale kwa kibanda. Wazee wote. Mtu anachukua mandazi mbili, tatu. Kukiwa na viazi karai, anachukua. Samosa."

"Kila siku?"

"Lori inakuja kila siku."

"Tangu lini?"

"Tangu kampuni ianze kuchukua maziwa." Hiyo ni kabla Chepkirui hajaenda sekondari, na Chepkirui sasa ni mwalimu, ana watoto wake kule Kimumu.

"Mzee, mara ya kwanza nilikuuliza unakula nini, ukaniambia ugali, sukuma na mursik."

"Ndiyo, hiyo ndiyo chakula," alisema Kipyego, na alishangaa kwa dhati kwamba daktari hajui. "Hiyo ingine si chakula. Hiyo ni ya kungojea lori."

Naomi alimgeukia polepole. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu usichana wake, akamzalia, akasimama naye siku ya kumzika mama yake. Na kila asubuhi alikuwa amemwamini kwamba akirudi kutoka barabarani na kukataa chai, ni kwa sababu ya kuridhika na mursik.

"Kipyego," alisema. Hakumwita Baba Chepkirui.

"Mimi sikujua inahesabiwa," alisema Kipyego.

Ndipo kitu kikamwachilia Naomi kifuani, kitu ambacho hakikuwa kimesogea tangu ile amina ya kanisani. Alitaka kukasirika, na angekasirika baadaye, tena vizuri. Lakini kwa wakati ule alicheka. Alicheka akiwa ameshika midomo kwa leso, machozi yakamtoka, na daktari naye akashindwa kujizuia. Kipyego alilala pale na jeli yake mkononi akiwatazama wanawake wawili kama mtu aliyeibiwa hadharani.

Kicheko kilipoisha, Kipyego aliuliza kwa sauti ndogo, "Daktari, imekufa? Hiyo ngozi ya ndani."

"Haijakufa. Imeumizwa. Hizo seli zinajitengeneza zikipewa nafasi. Siahidi kitu, unanielewa? Dawa umeze. Utembee. Kwa kibanda usikae. Na nyinyi wawili mbadilishe jikoni, halafu rudini nipime tena."

"Na kibuyu?" Naomi aliuliza.

"Nayo ina mafuta yake, sitasema anywe debe. Nikiona mshipa unasonga, tutaongea."

Naomi hakungoja kesho. Alipofika nyumbani aliyachukua mafuta meupe na yale ya karai, akachimba shimo kwenye kona ya boma na kuyazika. Mbwa alikuja kunusa akafukuzwa kwa jiwe. Kuanzia hapo asubuhi ikawa viazi vitamu vya kuchemsha, au nduma, au uji wa wimbi. Sukuma ikakaangwa kwa mafuta ya maji yenye jina lake kwenye chupa, yanayopimwa kwa kijiko cha chai, na kijiko alikishika yeye. Kipyego alisema sukuma ina ladha ya hospitali. Naomi akamwambia hospitali yenyewe ina ladha mbaya zaidi.

Na kule barabarani mambo yalikuwa magumu. Wazee walimkaribisha kwenye benchi, yeye akasimama. Walimsukumia sahani, akaisukuma kurudi. Mwishowe akawa anatua mtungi wake na kutembea huku na huko kando ya barabara mpaka lori lije, mgongo akiwa ameugeuzia kibanda kwa sababu harufu alishindwa kuihimili. Wenzake walimcheka, wakasema anafanya mazoezi ya mbio akiwa uzeeni. Kwa upande wa Eldoret, kwenye wakimbiaji wengi, huo si utani mbaya, na Kipyego aliuvumilia.

Kibuyu kilibaki stoo. Naomi alikuwa akienda kukitazama, anafunua blanketi, anapitisha kidole juu ya shanga, anafunika. Betty na wenzake walikuwa bado wakiiruka zamu yake. Angeweza kuwaeleza, lakini aliogopa. Akili yake ilikuwa imekubali maneno ya daktari, moyo ulitaka kuona. Alikuwa amekwishashtakiwa kwa ushuhuda wa mdomo tu, na hakutaka kuachiliwa kwa ushuhuda wa mdomo. Alitaka mshipa wenyewe useme.

Wakarudi Eldoret mahindi yakiwa yamekauka shambani. Kipyego alipanda ngazi za ile ghorofa akiongea, akilalamika juu ya bei ya mbolea, na walipofika juu Naomi alitambua kwamba hakuwa amenyamaza hata mara moja kuvuta pumzi. Aliogopa kukitaja kitu kama hicho kisije kikasikia jina lake na kukimbia.

Mkanda ukafungwa. Kile kitu baridi kikapakwa. Safari hii Kipyego hakutania. Upepo ukajazwa, vidole vikapauka, wakangoja, na Naomi aliomba, ingawa ukimwuliza aliomba nini hakumbuki, ila neno tafadhali.

Daktari aliufungua mkanda. Damu ikavuma. Mistari miwili ililala pale pale, pale pale, na Naomi akaanza kuinamisha kichwa. Kisha ule wa juu ukapanda. Haikuwa mbali. Ungeweza kupepesa macho ukaukosa. Lakini ulipanda, na giza la katikati likawa pana, na likakaa pana.

"Hapo," alisema Daktari Nanzala, akagonga skrini kwa ukucha. "Mama, umeona? Hapo."

"Nimeona," alisema Naomi. "Nimeona. Nimeona."

"Imefunguka?" Kipyego alikuwa akijaribu kuinuka kwa kiwiko. "Sema tena. Imefunguka?"

"Inafunguka. Bado si ya kijana, lakini inafunguka. Na damu pia ni nzuri kuliko ile ingine. Endeleeni hivyo hivyo."

Kipyego alilala tena chali. Alifunika uso kwa mkono wake ulio huru, na Naomi akaona kidevu chake kinatetemeka. Kumbe naye alikuwa ameogopa. Miezi yote ile ya malalamiko juu ya sukuma alikuwa ameogopa tu. Naomi alimshika mguu pamoja na kiatu, akaushikilia. Raha ilimjaa mpaka akahisi njaa.

Walipokuwa wakiondoka alisimama mlangoni. "Daktari, ulisema tutaongea."

Daktari alikumbuka. Alifikiri kidogo. "Nusu kikombe. Si kila siku."

Fellowship ilifanyika kwa Naomi wiki iliyofuata. Hakungoja kupewa zamu, aliitangaza mwenyewe kanisani, na akina mama wakaja kwa udadisi hata wale wenye visingizio. Siku kadhaa kabla, alikuwa amekitoa kibuyu stoo, akakiosha, akachoma kijiti cha senetwet nyuma ya nyumba. Moshi ule ulifika mpaka zizini. Kipyego aliacha kukamua akaja akasimama kando, ndoo mkononi, akimwangalia anavyosugua.

Sala ilipokwisha na kabla chai haijamiminwa, Kipyego aliingia sebuleni walipokuwa akina mama, jambo ambalo wanaume hawafanyi, akavua kofia.

"Kuna kitu nilisema kanisani," alianza. "Nitaisema tena Jumapili, lakini nyinyi msikie kwanza. Nilishtaki kibuyu ya mke wangu, na nilikuwa nashtaki kitu ingine. Iliyoniharibu ni mandazi ya pale barabarani, ya kungojea lori. Hiyo nimekula miaka yote na sikuwahi kuihesabu."

Betty alikuwa wa kwanza kuelewa, na mtu angeweza kuona hilo likimfika usoni. "Ngoja," alisema. "Kwa hiyo benchi huwa unakaa na nani?"

"Na wazee wote," alisema Kipyego. "Hata wako."

Hapo sebule ikalipuka. Kila mama alikuwa na mume, na kila mume alikuwa na mtungi wa maziwa, na lori lilichelewa kwa wote. Mmoja alisema ndiyo maana wake hataki chai. Mwingine alikuwa tayari ametoa simu. Hakuna aliyekuwa anamtazama Naomi tena kwa jicho lile, na Betty alimshika bega akamwambia, bila utani safari hii, "Utusamehe, mama." Naomi akamwambia ameshamsamehe, na ilikuwa kweli, ingawa ilikuwa kweli tangu dakika hiyo tu.

Alikitingisha kibuyu, akamimina mursik nusu kikombe, akampa mumewe kwa mikono miwili mbele yao wote. Kipyego alikunywa amefumba macho. Alikunywa polepole kwa namna ambayo hajawahi kunywa kitu maishani, na alipomaliza alikaa kidogo na kikombe midomoni ingawa hakikuwa na kitu. Kisha akakinyoosha.

"Ongeza kidogo."

"Daktari alisema nusu."

"Mama Chepkirui, daktari yuko Eldoret."

"Mimi niko hapa," alisema Naomi, akakifunika kibuyu.